Shaba Inatoka, Sukari Inaingia
Safari ya njia kubwa ya Katanga, na meno ya watoto wetu



Njia yetu kubwa mnaifahamu. Inaanza pale Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, inafika Lubumbashi, inapanda Likasi, inapita Fungurume, inaishia Kolwezi kwa sisi watu wa migodi, ingawa yenyewe inaendelea mbele. Kutoka mpaka ule hadi Kolwezi ni karibu kilomita 400. Kazi ya kanisa ilinipeleka njia hiyo yote, nikalala hapa siku moja na pale siku mbili. Mara nyingi tunapita njia hii tukihesabu kamyo za shaba na vumbi yake. Safari hii niliangalia kitu kingine: watoto wetu wanakula nini katikati ya chakula na chakula, na kinywani mwao kunapatikana nini. Nawaandikia niliyoyaona, kwa sababu ni jambo la nyumba zetu zote, za wenye kazi na za wasio na kazi.

KASUMBALESA: MLANGO WETU

Kasumbalesa ni mlango wa nyumba yetu. Kamyo zinatoka zikibeba shaba na kobalti, zinaelekea bandari za mbali. Nyingine zinaingia. Zinaleta unga wa mahindi, mafuta, sabuni. Zinaleta pia asidi, ile ya viwanda vyetu vya kuyeyushia mawe. Na zinaleta sukari: sukari ya gunia inayotoka Zambia, ambako mashamba makubwa ya miwa yako upande wa Mazabuka, pamoja na makartoni ya biskwiti, ya bonbon, na ya vinywaji vya chupa. Kisichopita kwa kamyo kinapita kwa baiskeli na juu ya vichwa vya mama zetu.

Nilizungumza na mama mmoja aliyekuwa akifunga makartoni yake. Nikamwuliza kwa nini hachukui unga. Akanicheka kidogo: "Baba Pasteur, unga inakawiaka. Bonbon inatokaka kila siku. Mutoto hakosake franka ya bonbon." Sikumlaumu, na ninyi msimlaumu. Kwa faida ya makartoni yale anawalisha watoto watano. Lakini neno lake lilinifuata njia yote, kwa maana ni kweli: katika nyumba ambamo hakuna pesa ya nyama, franka ya bonbon haikosi.

LUBUMBASHI: MBELE YA LANGO LA SHULE

Katika Lubumbashi nilipita upande wa commune ya Kenya, karibu na soko yake kubwa, saa ya mapumziko ya wanafunzi. Mbele ya lango la shule kuna meza ndogo ndogo zimejipanga kama walinzi. Juu yake: vitumbula, biskwiti, bonbon ya kijiti, bonbon ya kutafuna, maji ya rangi yaliyogandishwa katika sachet. Watoto wanatoka wakikimbia, na baada ya dakika tano ndimi zao ni nyekundu, nyingine ni za buluu. Wanacheka, wanaonyeshana.

Nilimfuata kwa macho mtoto mmoja wa kama miaka minane. Alikuwa na bonbon shavuni alipofika. Mapumziko, biskwiti. Kutoka shule, sachet ya barafu. Njiani, bonbon nyingine aliyogawiwa na rafiki. Mama yake angeulizwa jioni, angejibu kwa kweli kabisa: "Mutoto hayakula kitu tangu asubuhi." Kwa tumbo hajala. Kwa meno amekula mara nne.

Wazee wetu nao walikula katikati ya chakula, tusidanganyane. Lakini walikula nini? Kalanga, muhindi wa kuchoma, muhogo, na wakati wa mvua masuku ya porini. Muwa pia, nao una sukari, lakini haukuwa katika kila mfuko wa kaptula kila siku ya mwaka. Katika kambi za Union Minière, na baadaye za Gécamines, mposho ilikuwa unga, na nyumba ilipika bukari kwa saa yake. Mtoto alijua saa ya kula na saa ya kucheza. Leo saa hizo zimechanganyika. Baba amekwenda kwenye shimo, mama yuko sokoni tangu alfajiri, na mtoto ameachiwa noti ndogo ya franka ili ajipange mwenyewe. Anajipanga namna mtoto anavyojua.

ASIDI KATIKA KINYWA

Sisi watu wa Katanga hatuhitaji maelezo marefu juu ya asidi. Tunajua kwamba viwandani wanasaga mawe, wanamwagia asidi, na shaba inatoka ndani ya jiwe. Jiwe ni gumu, lakini asidi inalikula.

Basi, jambo kama hilo linafanyika ndani ya kinywa. Juu ya meno kuna utando laini, ule unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Ndani yake wanaishi mikrobe wengi. Ukila sukari, wao nao wanakula, na kinachotoka kwao ni asidi. Asidi hiyo inaondoa madini katika ganda gumu la jino. Haikawii: inaanza baada ya dakika chache, na inaendelea kama nusu saa, mara nyingine zaidi. Baadaye mate yanaosha asidi na kurudisha madini kidogo kidogo. Mate ni dawa ambayo Mungu ameiweka kinywani bila kutulipisha. Lakini mate yanahitaji muda.

Hapa ndipo siri yote. Mtoto anayekula mara tatu kwa siku, meno yake yanapigwa mara tatu, kisha yanapumzika saa nyingi. Mtoto anayenyonya bonbon, kisha biskwiti, kisha sachet, kisha chai ya sukari, meno yake hayapati nafasi. Kabla ya mate kumaliza kazi, asidi nyingine imefika. Mwisho wake ni tundu. Kwa hiyo tusiulize tu "Amekula sukari kiasi gani?" Tuulize pia "Ni mara ngapi?"

Jambo hili lilijulikana zamani, na kwa njia ya huzuni. Huko Uswidi, katika hospitali ya Vipeholm katika mji wa Lund, katika miaka ya 1940 waganga walijaribu vyakula vya sukari kwa watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuweza kukubali wala kukataa. Waliokula sukari pamoja na chakula tu, meno yao hayakuharibika sana. Waliopewa bonbon za kunata katikati ya chakula, wengi meno yao yalioza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Haikuwa haki kuwatumia watu wale hivyo, nao waliumbwa kwa mfano wa Mungu kama sisi. Lakini tukiwa tumekwisha kujua, na tukaendelea kama wasiojua, maumivu yao yatakuwa ya bure mara mbili.

LIKASI: JINO LA MIAKA SITA

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kama kilomita 120. Kila mahali gari linaposimama, vijana wanakimbilia madirishani na ndoo na mabeseni: ndizi, mayai ya kuchemsha, kalanga katika vifuko, biskwiti, vinywaji baridi. Niliangalia ndani ya gari letu wazazi wanawanunulia watoto nini. Ndizi na kalanga zilikuwa mbele ya macho, kwa bei isiyozidi ile ya biskwiti. Karibu wote walichukua biskwiti. Mama mmoja alinieleza: "Njo ya kumufunga kinywa, asilie njiani." Kinywa kinafungwa leo, lakini kesho kutwa kitafunguka usiku kwa kilio.

Likasi, mji ule wa vilima ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, nilimtembelea muuguzi mmoja anayeng'oa meno. Siku hiyo alikuwa na wagonjwa tisa, sita walikuwa watoto. Aliniruhusu kukaa kando. Mtoto wa kike wa miaka saba aliletwa na mama yake, shavu limevimba, hajalala siku mbili, shuleni haendi. Jino bovu lilikuwa gego la chini, la nyuma. Mama akasema kwa utulivu: "Mulitoshe tu, iko ya utoto, ingine itaota."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Mama, hii haiko ya utoto. Hii njo ya ukubwa. Ingine haitaota."

Wazazi, someni hapa mara mbili. Mtoto ana meno 20 ya utoto. Karibu na miaka sita, nyuma ya meno hayo, anaota gego la kwanza la ukubwa, pande zote nne. Haliotii mahali pa jino lililoanguka. Linakuja kimya, nyuma kabisa, na mzazi hajui kama limefika. Anadhani ni la utoto. Ndilo hilo linaloharibika mapema, kwa sababu lina mashimo madogo juu yake na mswaki haufiki kwa urahisi. Likishang'olewa, limekwenda mpaka uzee.

Na hata meno ya utoto si ya bure. Mtoto mwenye meno ya kuuma hali vizuri, halali vizuri, hasikii mwalimu. Meno ya utoto yanashika nafasi ya yale yatakayokuja; yakitoka mapema mno, yale ya ukubwa yanaweza kuota yamepindana. Yule muuguzi alinionyesha pia mtoto wa miaka miwili na nusu: meno ya mbele, ya juu, yote meusi. Alikuwa analala na chupa ya chai ya sukari mdomoni. Usiku mate yanapungua, na sukari inabaki palepale hadi asubuhi. Mama yake alimpenda. Alimpa chai ili asilie. Hakuna aliyemwambia.

MULUNGWISHI: ZAWADI YA MASOMO YA JUMAPILI

Ukitoka Likasi kuelekea Fungurume, unapita Mulungwishi, stesheni ya zamani ya ndugu zetu Wamethodisti, ambako wachungaji wengi wa Katanga wamesomea. Kuiona stesheni hiyo kulinikumbusha desturi ya makanisa yetu, na hapa nitasema waziwazi. Mtoto akijua aya yake ya moyo, tunampa nini? Bonbon. Noeli, tunagawa nini? Bonbon na kinywaji cha chupa. Kinywaji hicho, chupa ya sentilita 33, kinaweza kuwa na gramu kama 35 za sukari, karibu vijiko vidogo 8. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani kama vijiko 6 kwa mtu mzima. Chupa moja imekwisha kupita kipimo hicho, na huyu ni mtoto.

Sisemi tufute furaha ya Noeli. Siku moja ya sikukuu haiozeshi meno, na mtoto akinywa wakati wa kula, na wenzake, afurahi. Nasema juu ya kila Jumapili. Kalanga iliyokaangwa kwa chumvi kidogo, ndizi mbivu, kalamu ya risasi, hata kumsimamisha mbele ya kanisa tukampigia makofi: mtoto atakumbuka. Tusiwafundishe kwamba neno la Mungu lina ladha ya bonbon.

KOLWEZI: CHUPA NDANI YA SHIMO

Kolwezi ni mji wa kobalti. Katika mtaa wa Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba hata ndani ya viwanja vyao. Ba-creuseur ni vijana wetu, wengi walibatizwa katika makanisa yetu. Kazi yao ni nzito, wanashuka asubuhi wanapanda jioni, na chakula cha kweli wanakula mara moja, usiku. Mchana wanategemea vinywaji vya nguvu, vile vya chupa za plastiki. Kijana anafungua chupa, anakunywa kidogo, anafunga, anachimba, anafungua tena. Chupa moja inamaliza nusu ya siku. Vinywaji hivi vina sukari, na vyenyewe ni vya asidi hata kabla ya mikrobe kufanya kazi yao. Ni mapigo mawili kwa wakati mmoja, bila mapumziko.

Nilimkuta kijana mmoja wa miaka ishirini na miwili nyumbani kwa dada yake. Alikuwa ametoka hospitali siku nne. Jino lilimwuma miezi mitatu. Alinunua vidonge njiani, maumivu yakatulia, akarudi shimoni. Wenzake walimshauri atie maji ya batri katika tundu la jino; namshukuru Mungu alikataa. Siku moja uvimbe ulishuka chini ya taya, homa ikapanda, kinywa hakikufunguka tena, hata mate hakuweza kuyameza. Dada yake alimpakia juu ya pikipiki ya jirani, wakafika usiku. Walipasua, wakatoa usaha, wakang'oa jino, wakamtilia dawa katika mshipa. Daktari alimwambia dada: "Mungechelewa, angekosa hewa." Pesa ya hospitali ilikuwa faida yake ya miezi. Alipona, lakini wengine hawaponi. Watu wanaogopa shimo kuanguka, na ni haki kuogopa. Lakini hata jino linaweza kuua.

Zamani mfanyakazi wa kampuni na jamaa yake walitibiwa katika hospitali ya kampuni. Baada ya mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walipoondoka kazini, nyumba nyingi zilibaki bila msaada huo. Kujaza tundu la jino ni ghali, na waganga wa meno ni wachache nje ya miji mikubwa. Kwa hiyo kwetu sisi kulinda ndiko dawa ya maskini.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Kinywa nacho kina haja ya sabato. Chakula kiwe na saa yake. Kati ya chakula na chakula, maji safi tu, au kitu kimoja cha kushibisha: kalanga isiyo na ukungu, muhindi wa kuchoma, yai, muhogo, tunda. Kitu cha sukari, kama kipo, kiliwe pamoja na chakula, kisha kiishe.

2. Kinachonata ni kibaya kuliko kinachopita. Bonbon ya kunyonya polepole na biskwiti inayobaki magegoni hukaa muda mrefu. Sukari yenye vitamini A, kama ile ya Zambia, inasaidia macho, lakini kwa jino ni sukari ileile.

3. Mtoto asilale na chupa ya chai, maziwa ya sukari au kinywaji. Baada ya mswaki wa usiku, maji tu.

4. Mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usikose. Dawa ya meno iwe na fluoride; soma kwenye boksi. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Zaidi ya hapo, kiasi cha punje ya kunde. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Mchanga na makaa vinakwaruza ganda la jino, viacheni. Mzazi amsaidie mtoto kupiga mswaki mpaka miaka saba au nane, na afike nyuma, kwenye lile jino la miaka sita.

5. Jino likiuma, msitie petroli wala maji ya batri, wala msibandike aspirine juu ya ufizi, inauchoma. Uvimbe chini ya taya, homa, kushindwa kumeza au kufungua kinywa: nendeni hospitali saa hiyohiyo, msingoje asubuhi.

NENO LA MWISHO

Katika sura moja ya Mithali, ile ya 25, kuna mambo mawili yaliyokaa karibu. Katika aya ya 16, mwenye hekima anamwonya aliyepata asali ale kiasi cha kumtosha, asije akaitapika. Aya tatu mbele, katika ya 19, anamfananisha mtu asiyeaminika siku ya taabu na jino lililovunjika. Asali haikukatazwa, Mungu ndiye aliyeifanya tamu. Iliwekewa kipimo. Na jino bovu ni kweli kama rafiki wa uongo: siku unapolitegemea, njo siku linakuacha.

Kamyo hatutazizuia. Shaba itaendelea kutoka, na sukari itaendelea kuingia. Lakini lango la nyumba yako unalo wewe, baba. Na wewe, mama, unayo ile noti ndogo unayomwachia mtoto asubuhi. Inaweza kununua bonbon. Inaweza pia kununua kifuko cha kalanga.

Maswali ya kuzungumza pamoja jioni:
— Jana kila mtoto wetu alikula mara ngapi kitu cha sukari? Hesabuni pamoja.
— Nani nyumbani ana miaka sita au saba? Chukueni taa, mtazame magego ya nyuma.
— Katika kanisa letu tunaweza kuwapa watoto nini mahali pa bonbon?

Bwana awabariki, awalinde ninyi na watoto wenu.